Zamu ya Msiba

Silantoi alipofika kona ya mwisho ya kijia cha Nkoaranga, pale migomba inapoachia na paa la nyumba ya marehemu Mzee Ephraimu likaonekana, alisimama akavuta pumzi. Si kwamba mlima ulimchosha. Miguu yake ilikwishauzoea tangu aanze kuupanda kwa ajili ya kazi na baadaye, tuseme ukweli, kwa ajili ya Eliya. Alisimama kwa sababu aliogopa.

Mkononi alibeba mfuko wa sukari na majani ya chai, pamoja na kitenge cheusi alichomnunulia mama mkwe wake mtarajiwa. Wiki ilikuwa imepita tangu mazishi. Siku ile alikaa na kina mama chini ya turubai, akalia mpaka macho yakavimba, maana Mzee Ephraimu alimpenda kama binti wa kumzaa. Lakini kulikuwa na jambo. Akikaa kwenye benchi, waliokuwepo wanahama mmoja mmoja. Akishika kisu amenye ndizi, mtu anamwambia, "Acha tu dada, tumeshamaliza," na ndizi bado zimejaa pale chini. Alijipa moyo kwamba ni uchungu wa msiba tu. Kisha Eliya naye akaacha kupokea simu zake.

Sasa msichana mwenye pete ya mtu kidoleni atakaaje wiki nzima bila kuambiwa kosa lake? Ndiyo maana Jumamosi hii alitoka kwao Terrat mapema, bila kumuaga mtu ila mama yake.

Uani alimkuta Ndesanjo, mdogo wa marehemu, akipasua kuni.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba." Shoka lilishuka, gogo likapasuka. "Umekuja."

"Nimekuja kuwaona. Poleni tena jamani."

"Tumeshapoa." Ndesanjo aliokota gogo lingine. "Shemeji amepumzika. Huyo mwenzako yuko nyuma, mferejini."

Hakumwambia karibu, wala hakumsogezea kiti. Katika nyumba ambayo hata muuza sufuria anayepita njia huketishwa na kupewa chai, kunyimwa kiti ni kauli tosha. Silantoi aliweka mfuko wake kwenye ngazi ya baraza, akapita kando ya nyumba akiwa amekaza shingo asilie mbele ya mzee yule.

Kaburi lilikuwa katikati ya migomba. Mashada yalikwishanyauka, na udongo wake ulikuwa mabonge makavu. Alisimama kidogo akasema moyoni, "Baba, nimerudi," kisha akaendelea.

Eliya alikuwa amekaa kwenye ukingo wa mfereji, kichwa kimenyolewa kwa ajili ya msiba, amevaa suruali ile ya kaki aliyozoea kuvaa chuoni Tengeru anakofundisha kilimo cha mboga. Alikuwa amekonda. Aliposikia hatua aligeuka, na kwa nukta moja macho yake yalikuwa yale yale ya zamani, yale yaliyokuwa yakimtafuta katikati ya mkutano wa watu mia na kumwona yeye tu. Kisha yakafungwa kama mlango.

"Ungenipigia kwanza," alisema.

"Nimekupigia Eliya. Hiyo simu yako siku hizi inachagua watu?"

Kidogo atabasamu. Silantoi aliliona tabasamu likija, akaliona likirudi lilikotoka.

"Kaa," Eliya alimwambia. Silantoi akakaa mbali naye kidogo, kama watu wanaoogopa kuonekana.

Mbele yao lilikuwepo geti la chuma lililopakwa rangi ya bluu, na kufuli lake. Geti lile ndilo lililowakutanisha. Miaka yote watu wa juu walikuwa wakifungua maji kila mtu kwa wakati wake, wa chini karibu na Tengeru wanapata matope, na kila kiangazi watu wanapigana majembe. Ndipo jumuiya ya watumia maji ikamwomba Silantoi, aliyesomea hesabu za kupanga matumizi ya vitu visivyotosha, awatengenezee ratiba. Wazee wengi walipenda kueleza shida zao kwa Kimeru, na kijana mmoja mrefu akajitolea kumtafsiria. Kijana mwenyewe, Eliya, alikuwa mtoto wa mwenyekiti, Mzee Ephraimu.

Silantoi alikumbuka alivyowaeleza siku ile. Kompyuta unaiambia kwanza unachokitaka: maji yawafikie wengi, na yule anayepata kidogo kuliko wote asiachwe akauke. Kisha unaipa masharti. Mfereji haubebi zaidi ya kiasi hiki. Ng'ombe lazima wanywe. Hospitali isikatiwe. Jumapili asubuhi watu wako kanisani. Nayo inapitia ratiba zote zinazowezekana, nyingi kuliko mtu anavyoweza kuziandika maisha yake yote, inakuletea ile iliyo bora. Wazee waliguna. Mzee Ephraimu ndiye aliyesimama akasema amezeeka na aibu ya kunywesha migomba huku wenzake wa chini wanakosa maji ya uji, na kwamba binti huyu apewe nafasi. Alipewa. Mahindi ya chini yalikomaa mwaka ule, na posa ikapelekwa Terrat.

"Ukoo ulikaa juzi," Eliya alisema, akiangalia maji. "Wamekata kauli posa isimame."

"Isimame au ivunjike?"

"Kwanza isimame."

"Kwa kosa gani? Kwa sababu mimi ni Mwarusha, si Mmeru? Mbona walilijua hilo tangu mwanzo, na baba yako akasema..."

"Usimtaje baba."

Sauti yake ilikatika. Silantoi hakuwahi kusemeshwa hivyo na Eliya, hata siku waliyogombana sababu ya ukumbi wa harusi.

"Sila," Eliya alianza tena, taratibu, "unaona hili geti? Katika mfereji huu, mtu akifiwa, zamu zote zinasimama. Awe nani awe nani. Wa juu wanaziba, wa chini wanasubiri, na maji yanaletwa kwenye nyumba yenye msiba. Yanapita kwenye migomba jioni nzima, udongo unalainika kabla vijana hawajashika sururu. Kina mama wanachota ya kupikia hapo hapo mlangoni. Ndivyo alivyozikwa babu. Ndivyo walivyozikwa wote."

Silantoi aligeuka kuangalia kaburi na mabonge yake makavu.

"Tangu siku aliyokufa baba mpaka kuzikwa ilikuwa zamu ya chini," Eliya aliendelea. "Vijana walimfuata Mikaeli, mlinzi wa geti. Mikaeli naye mtu wa sheria, unamjua. Akawaonyesha ratiba. Akasema, ratiba ya mtaalamu haina msiba, nikifungua nafukuzwa kazi. Wakataka kuvunja kufuli kwa mtaimbo. Mama akatoka ndani na kilio chake, akawakataza. Akasema hataki ugomvi juu ya maiti ya mume wake."

"Sururu," Silantoi alinong'ona.

"Eeh. Uliisikia."

Aliisikia. Asubuhi ile ya mazishi, akiwa chini ya turubai, alisikia sururu zikigonga udongo wa kiangazi, zikigonga na kugonga, akafikiri wamekutana na mwamba. Akaona hata vijana wakipokezana, jasho linawatiririka. Akaona kina mama wakipandisha ndoo kichwani kutoka bombani barabarani. Aliona yote na hakuelewa hata moja. Na kule ndani mama wa watu alikuwa amekaa na wanawake wenzake, anasikiliza ardhi ikikataa kumpokea mume wake.

Machozi yalimtoka bila kelele.

"Mbona hakuna aliyeniambia?" alisema mwishowe. "Eliya, nilipita nyumba kwa nyumba. Niliuliza kahawa, niliuliza migomba, niliuliza ng'ombe na mbuzi, niliuliza mpaka siku za ubatizo. Kila mkutano nilimaliza kwa kuuliza, kuna jambo lingine linalobadilisha zamu? Mbona hakuna mzee hata mmoja aliyefungua mdomo?"

"Na nani angesimama mbele za watu akakuambia, niwekee na mimi zamu ya siku nitakayofiwa? Nani huyo? Kwetu huko ni kujiitia kifo."

"Wewe ungeniambia."

Eliya aliokota bonge la udongo, akalivunja vidoleni.

"Wewe si mzee wa mkutanoni. Ulikuwa unakaa na mimi kwenye ile meza ya ofisi, sisi wawili, mpaka chai inapoa. Nilikuuliza wewe. Nakumbuka. Nilikuuliza, Eliya, masharti yameisha? Ukaniangalia kwanza. Ukanyamaza. Halafu ukasema yameisha."

"Sila, acha."

"Siachi! Mnanirudisha kwetu kwa kosa hili, halafu niache? Ulijua au hukujua?"

"Nilijua!" Eliya alipiga ukingo kwa ngumi, udongo ukamegukia majini. "Nilijua, na wiki ile ile daktari alikuwa ameniita pembeni akaniambia moyo wa baba umechoka, haufiki mbali. Mimi peke yangu. Nimetoka pale hospitali nimekuja ofisini moja kwa moja, nimekukuta unatabasamu na kompyuta yako, unaniuliza kuna sharti gani limebaki. Ningesema nini? Ningesema weka zamu ya msiba, baba anakufa? Kila nilipotaka kulitamka niliona kama namchimbia mimi mwenyewe. Nikasema yameisha."

Aliinamisha kichwa kile kilichonyolewa, akalia kama wanaume wanavyolia wakiwa hawajazoea, kwa kukohoa. Silantoi alitaka kumkumbatia. Alitaka pia kumpiga. Hakufanya lolote kati ya hayo mawili. Alisogea tu, nafasi ile kati yao ikaisha, akaweka mkono wake juu ya mgongo wa Eliya akauacha pale.

"Kwa hiyo mama hajui kwamba ulijua?"

"Mama hajui. Angekufa kabla yake."

"Mama anajua," ilisema sauti nyuma yao.

Wote wawili waliruka. Eunike, mama yake Eliya, alikuwa amesimama kwenye migomba, kanga nyeusi mabegani, fimbo ya marehemu mkononi. Ni mwanamke mdogo wa umbo, lakini wiki ile msiba ulikuwa umempunguza zaidi.

"Shikamoo mama," Silantoi alisema, akipiga goti.

"Marahaba." Hakumwangalia. Alimwangalia mwanawe. "Daktari alikuambia wewe peke yako?"

"Mama, nisamehe. Sikutaka..."

"Na mimi aliniambia peke yangu. Akaniambia, mama, mtoto asijue, atashindwa kufanya kazi." Eunike aliegemea fimbo. "Na baba yako alikuwa anajua kuliko sisi wote. Siku ile ya mkutano wa mwisho alirudi nyumbani amechelewa, hakula. Nikamuuliza ana nini. Akasema, Eunike, kuna neno moja nimeshindwa kumwambia yule binti. Nilisimama kabisa nilitamke, nikakuona wewe umekaa mbele na kina mama, nikakaa chini. Mimi sikumuuliza ni neno gani. Nililijua."

Maji yalipita. Silantoi aliwatazama mama na mwana, akaona jinsi watu watatu wa nyumba moja walivyokuwa wamekaa na habari ile ile, kila mmoja akimficha mwenzake kwa mapenzi, na katikati yao akawekwa yeye, aliyeuliza kwa moyo mweupe na kujibiwa kwamba hakuna.

Lakini Eunike alikuwa hajamaliza. Sasa alimgeukia yeye.

"Binti, hujaambiwa yote. Kufungua maji ya msiba si kazi ya mlinzi. Anafungua mkamwana wa nyumba. Mke wa mtoto. Baba mkwe wangu alipofariki, nilitolewa ndani mimi, nilikuwa mdogo kuliko wewe hapo ulipo, nikaambiwa nikazibue. Nilizibua nikilia. Nikajua siku ile kwamba sasa mimi ni mtu wa hapa." Midomo ilimtetemeka, akaisubiri itulie. "Huyu ni mtoto wangu pekee. Mume wangu alivyoanza kudhoofika nilikuwa nalala nafikiri, afadhali yuko Silantoi. Harusi bado, lakini pete imeshavaliwa, watu watakubali. Atafungua Silantoi. Nilikuwa najifariji hivyo. Halafu siku yenyewe naambiwa maji yamefungwa, na aliyeyafunga ni wewe."

Silantoi alifunika uso. Hakuna ukali ambao ungemwumiza kuliko upole ule.

"Mama, sina neno la kukupa," alisema. "Mimi nimekulia Terrat. Nimepanga foleni ya ndoo mpaka nikachelewa shule. Niliposomea mambo haya niliapa nitafanya maji yamfikie kila mtu, na nilipoona kule chini watoto wanachota nilifurahi mno. Nilidhani nimeuliza kila kitu. Ningejua, mama, ningekuja kufungua kwa meno."

"Najua."

"Naweza kuliweka. Leo hii. Ni sharti kama masharti mengine, kompyuta haikatai. Ila..." Alisita.

"Ila nini?"

"Ila maji ya zamu hiyo yanatoka kwa mtu. Kuna shamba huko chini litakosa siku hiyo, lazima niseme ukweli. Na ili nipange mwaka mzima wasije wakakauka, nahitaji kujua tutenge zamu ngapi. Yaani," sauti ilimpungua, "nahitaji mtu aniambie mwaka huu tutarajie misiba mingapi."

Eliya aligeuza uso. Lilikuwa ndilo lile lile, neno ambalo hakuna mtu wa mfereji ule aliyeweza kulitamka, na sasa linaulizwa mchana kweupe, kaburi la baba yake likiwa hatua chache tu.

Eunike aliangalia bondeni, kwenye mapaa yaliyojitokeza kati ya migomba, moja baada ya jingine. Alikuwa anapita nyumba kwa nyumba kwa macho.

"Huko chini hawafi?" aliuliza.

"Wanakufa, mama."

"Basi wapewe na wao. Sisi tulikuwa tunajipa peke yetu. Ukiwaambia na wao wakifiwa sisi wa juu tutaziba, hawatanung'unika." Alikohoa. "Andika. Mama yake Mikaeli hafiki mavuno, kila mtu anajua, hata Mikaeli mwenyewe. Mzee wa pale penye mkuyu, muwekee. Muulize mchungaji akupe wastani wa miaka iliyopita, yeye anawazika wote. Na kule chini muulize wa kwao."

"Sawa mama."

"Na yangu uiweke."

"Mama!" Eliya alisimama.

"Kaa chini. Tumenyamaza nyumba nzima, umeona kilichotupata." Wala hakupandisha sauti. "Sisemi nakufa kesho. Nasema iwepo. Mwaka huu ukipita, uihamishe mwakani."

Silantoi alitikisa kichwa kukubali.

"Na ukoo je?" Eliya aliuliza. "Baba mdogo ameshakata kauli."

"Ndesanjo amekata kauli kwa sababu hakuna aliyemwambia ukweli, kama binti huyu. Nitamwambia mimi, mbele ya hao hao waliokaa juzi, kwamba neno hili tulilijua sote tukalimeza. Akitaka kukasirika akakasirike na marehemu." Kwa mara ya kwanza macho yake yalilainika kidogo. "Mtakaa mpaka tumalize mwaka wa msiba. Harusi itangoja. Mtaweza?"

Eliya alimtazama Silantoi. Mlango ule uliofungwa ulikuwa umefunguka, na nyuma yake kulikuwa na uchovu, na aibu, na yule kijana mrefu wa mkutanoni. Silantoi alimwangalia mpaka akatosheka.

"Tutangoja," alisema.

Saa tisa ikafika, na Mikaeli akatokea juu ya mfereji na funguo zake. Leo ilikuwa zamu ya juu. Aliwaona watatu wale wamekaa pamoja, akaduwaa, akafungua kufuli bila salamu na kwenda zake haraka. Maji yalianza kupanda kwenye mfereji, ya rangi ya chai ya maziwa kwanza, kisha meupe.

Eunike alishuka kwa fimbo mpaka kwenye mdomo wa mchepuo wa nyumba yao, ulioachwa kama zamani, umezibwa kwa gogo la mgomba na matope. Kutoka hapo kijito kidogo kilikatiza moja kwa moja kwenye migomba na kupita pembeni ya kaburi.

"Njoo," alimwita Silantoi. "Yamechelewa, lakini na yeye yamfikie."

Eliya alichukua jembe lililoegemezwa mtini, akamletea. Mama akalisukuma kando.

"Si kwa jembe. Vua viatu."

Silantoi alivua viatu, akapandisha sketi, akaingia. Maji ya Meru ni baridi, yalimuuma mpaka kwenye mifupa. Aliinama, akatafuta gogo kwa vidole, na machozi yalikuwa yanamdondoka humo humo majini wala hakuyafuta. Nyuma yake Ndesanjo alikuwa ametokea kwenye kona ya nyumba na shoka lake mkononi. Alisimama pale, anaangalia.

Gogo lilicheza kidogo, likakwama.

"Shika na mikono yote miwili," Eunike alimwambia. "Zingatia vizuri, mwanangu. Siku ya kwangu hutakuwa na mtu wa kukuelekeza."